UZI: Land Rover haikuuawa na Mjapani, iliuawa na mabosi wake. Kisa cha British Leyland

Fundi Sakina

Wakuu habari zenu.

Tangu lile tamasha la Oktoba 2024 Arusha ilivyojaa Land Rover za kila rangi na kila umri, kila kijiwe cha madereva na mafundi hapa mjini kina ubishi uleule, Land Rover na Land Cruiser nani mbabe, na ubishi unaishia mtu anasema Mjapani alishinda kwasababu chuma chake kigumu, basi, yameisha. Mimi nimekulia chini ya hizi gari, mzee wangu alikuwa fundi wa Land Rover 109 na mimi nikarithi spana zake, na hii hoja inaniuma kwa kweli maana inawaacha waliohusika watembee kifua mbele. Kampuni iliyokuwa na Land Rover mkononi ilikuwa kubwa kuliko kampuni zote za magari Uingereza, na ikafilisika gari likiwa bado linagombaniwa na wateja. Nataka tuongelee hapo.

Mwaka 1968 serikali ya Harold Wilson, waziri aliyelisimamia akiwa Tony Benn, ilisukuma makampuni mawili yaungane. Upande mmoja Leyland ya Donald Stokes, watu wa malori na mabasi, ambao tayari walishaimeza Triumph halafu mwaka 1967 wakaichukua Rover na Land Rover yake ndani. Upande wa pili British Motor Holdings, hapo unakuta Austin, Morris, MG, Jaguar na ndugu zao kibao. Ikazaliwa British Leyland, wafanyakazi karibu laki mbili, na karibu asilimia 40 ya soko la magari la Uingereza ni lao. Malori wanayo, mabasi wanayo, gari za wakubwa wanazo, Mini wanayo, Land Rover wanayo. Miaka 7 tu baadaye wako mlangoni kwa serikali wanaomba wasife.

Sasa ilikuwaje? Anzeni na hesabu. Mini ilitoka 1959, gari dogo la Alec Issigonis, injini imelazwa mbele kwa upande, kitu ambacho leo karibu kila gari dogo duniani linafanya ikiwemo hizo IST na Vitz zenu. Kila mtu aliitaka. Inasimuliwa kwamba Ford walinunua moja wakaifumua nati kwa nati, wakapiga gharama ya kila kipande, wakakuta wenzao wanapata hasara ya kama paundi 30 kwa kila gari wanalouza. Wenyewe walikuwa hawajui! Wakati wenye mali hawajui gari moja linawagharimu shilingi ngapi mpaka jirani awahesabie, hapo unauza sana na unazidi kuzama.

Na Leyland walipoingia kwenye nyumba ya wenzao baada ya ndoa wakakuta kwenye kabati hakuna gari jipya la maana linalokuja zaidi ya Austin Maxi. Ikabidi waunge unge haraka, 1971 wakatoa Morris Marina. Fundi mwenzangu sikiliza hii, ile Marina ya 1971 mbele imefungwa sasipensheni iliyotokana na ya Morris Minor, gari la 1948. Miaka 23!

Naendelea, ngoja nimalizie mteja.

mangi wa Kiboriloni

Nimevuta kiti meku, endelea. Mi nilijua Leyland ni basi tu, zile za zamani za mlio wa kunguruma unazisikia zikiwa bado mbali hazijaingia stendi ya Moshi.

Dereva Mto wa Mbu

Uzi mzuri lakini tusidanganyane mkuu. Mimi nimeendesha Land Rover 110 miaka mingi kupeleka wageni Ngorongoro na Ndutu, nimeendesha na Cruiser. Land Rover inavuja oili kila sehemu oili ilipo, giaboksi, difu, kila mahali, na shafti za nyuma za zile za zamani zilikuwa zinakatika ukizidisha mzigo. Mjapani alikuwa na gari bora, mabosi wanahusikaje na shafti kukatika?

Fundi Sakina

Dereva swali lako ndo lenyewe hasa. Shafti ya 109 ya zamani ilikuwa nyembamba kweli, tumezitoa vipande kwenye aksel hadi tukachoka. Lakini dawa yake ilikuwa inajulikana, ilikuwa ni kufunga aksel nzito ya Salisbury nyuma, na kwenye toleo la Series III la 109 waliifunga. Injini je? Ile petroli ya lita 2.25 imetoka 1958, ikaachwa hivyohivyo muda wote wa miaka ya 60 na 70, dizeli yake farasi 60 na kidogo, unapanda nayo mlima wa kuingia kreta unaomba Mungu. Wakati huo Toyota wanaweka dizeli ya silinda 6 kwenye Cruiser. Mafundi wa Solihull, kiwanda cha Land Rover, hawakuwa wajinga, walijua kabisa mteja wa Afrika na Australia anataka nini. Hela ya kutengeneza injini mpya ndo hawakupewa.

Na hela ilikuwepo, maana Land Rover na Range Rover ndo zilikuwa zinaingiza faida. Range Rover ilipotoka 1970 watu walikuwa wanapanga foleni kuisubiri. Land Rover yenyewe ilikuwa haitoshi, wateja wanasubiri miezi, na kiwanda hakipanuliwi. Hela iliyozalishwa Solihull inapelekwa kuziba mashimo ya Marina na Austin Allegro, gari jingine lao. Mteja aliyechoka kusubiri, awe mkulima au misheni au ofisi ya serikali ya nchi yoyote huku kwetu, anakwenda kwa Toyota, gari lipo, spea zipo. Akishaenda harudi. Mpaka 1976 Land Rover inafikisha gari la milioni moja, bado unaendesha kitu ambacho babu yake ni wa 1948.

Halafu twende kwenye kisa ambacho mimi kama fundi kinanikera kuliko vyote. Triumph Stag. Gari zuri la kufungua juu, 1970. Kampuni hiyohiyo ilikuwa tayari na V8 ya Rover, lita 3.5, aluminium tupu, nyepesi, asili yake michoro ya General Motors, imeshafungwa kwenye magari na inafanya kazi, ndo hiyohiyo iliyokuja kuingia kwenye Range Rover na baadae hata kwenye Land Rover za V8 tunazozijua. Watu wa Triumph wakatengeneza V8 YAO, lita 3. Pampu ya maji wakaiweka juu kwenye injini, maji yakipungua kidogo tu pampu inakosa maji, injini inachemka, silinda hedi inapinda, gasketi inaungua. Stag zikauawa na joto. Wakauza kama elfu 26 tu miaka yote 7. V8 mbili ndani ya kampuni moja, moja nzima na nyingine mgonjwa, wakachagua mgonjwa kwasababu ni mtoto wa nyumbani kwao.

Ndo ilivyokuwa kote. Waliungana jina tu. Ni kama ndugu wamerithi kihamba kimoja lakini kila mmoja amejenga jiko lake na kisima chake na hawasalimiani. Triumph 2000 inashindana na Rover 2000, MG inashindana na Triumph, wateja walewale. Viwanda vimetawanyika nchi nzima, bodi inatengenezwa mji huu inapakiwa inapelekwa mji mwingine kufungwa injini. Hata nati. Waliowahi kufungua Series II wanajua, kwenye gari moja unakuta nati za BSF na za UNF, vipimo viwili tofauti vya inchi, baadae Defender zikaingia na za milimita, kwahiyo gereji yangu mpaka leo ina seti tatu za spana kwa gari la aina moja, na kijana mgeni akilazimisha spana ya 13 kwenye nati ya inchi nusu anakula kona zake zote, kazi ya dakika 5 inakuwa ya nusu siku na msumeno juu.

Mwalimu Mstaafu Pasua

Vijana mmeandika vizuri ila mnaruka jambo kubwa. Kilichoiua Leyland ni migomo. Sisi tulikuwa tunasikiliza BBC idhaa ya Kiswahili miaka hiyo, kila siku Uingereza wafanyakazi wa viwanda vyao wamegoma, Longbridge wamegoma, Cowley wamegoma. Yule kiongozi wao Derek Robinson, magazeti yao yalimwita Red Robbo. Gari linafungwa nusu linaachwa kwenye laini watu wanatoka nje. Hakuna menejimenti duniani inaweza kuendesha kiwanda hivyo.

Fundi Sakina

Shikamoo mwalimu. Migomo ilikuwepo na ilikuwa mibaya, siwezi kubisha, na Michael Edwardes aliyeletwa kuongoza mwaka 1977 alimfukuza Robinson Novemba 1979 na wafanyakazi wenyewe wakakataa kugoma kumtetea. Lakini mwalimu wangu naomba uangalie hii. Serikali ilipomtuma Lord Ryder kuchunguza, ripoti yake ya 1975 ilionyesha kwamba tangu muungano wa 1968 faida halisi ilikuwa kama paundi milioni 74, na katika hizo milioni 70 waligawiwa wanahisa kama gawio. Zikabaki milioni 4. Milioni NNE za kununulia mashine mpya na kubuni magari mapya kwa kampuni ya watu karibu laki mbili. Mfanyakazi anaingia asubuhi kwenye kiwanda ambacho mashine zake ni za enzi ya baba yake, anaambiwa aongeze kasi, na anasikia gawio limelipwa. Chama cha wafanyakazi hakikupanga gawio hilo. Wala hakikuchora Austin Allegro.

Na hiyo Allegro ilitakiwa iwe mkombozi, ilitoka 1973. Walianza na usukani wa pembe nne, yaani mraba uliokatwa kona, eti dereva aone dashibodi vizuri, wakauondoa baada ya muda mfupi watu walipoukataa. Miaka yote mpaka 1982 waliuza kama laki 6 na nusu hivi. Golf ya kwanza ya Volkswagen ilikuja mwaka mmoja tu nyuma yake na iliuzwa zaidi ya milioni 6. Allegro haikuwa na hata mlango mkubwa wa nyuma ukitoa ile ya esteti, ingawa umbo lake lilikuwa linaomba, kwasababu mlango huo walitaka ubaki wa Maxi peke yake. Tena Maxi yenyewe haiuzi!

Mama Spea Ngarenaro

Hapo kwenye gawio umenigusa. Mimi nauza spea, najua hela ya mzunguko ni nini. Kuna jamaa alikuwa na duka kubwa kuliko langu, silitaji, kila faida anajenga, kila faida anabadilisha gari, mzigo haongezi. Wateja wanakuja wanakosa plagi, wanakosa bushi, wanahamia kwetu. Alifunga huku watu wanasema ni biashara mbaya siku hizi. Lakini fundi kwanini hawakuitenga Land Rover isimame yenyewe mapema? Mimi ningeitoa kwenye hilo kundi siku ya kwanza.

Fundi Sakina

Dada umesema kama mkurugenzi. Walifanya hivyo 1978, Edwardes akaiundia Land Rover kampuni yake ndani ya kundi na ikapewa bajeti. Na matokeo yalionekana haraka, 1979 ikaja ile V8 ya bodi ya Series, 1983 ikaja One Ten yenye koili springi, 1984 Ninety, ambazo 1990 ndo zikaitwa Defender. Hiyo 110 anayoisema Dereva Mto wa Mbu ni mtoto wa hela iliyotoka ikiwa imechelewa miaka kumi. Wakati inatua huku, Cruiser imeshakaa kwenye kila ofisi na kila kambi.

Chalii wa Kijenge

Sasa serikali si iliwaokoa 1975? Kwanini wasipone? Hapa kwetu pia tuna General Tyre pale Arusha, serikali ilikuwa na hisa nyingi na bado uzalishaji ukasimama, miaka inapita watu wanaahidi itafunguliwa. Ni serikali au ni nini?

Mstaafu wa Mashine

Chalii mimi nimefanya kazi kiwandani huku kaskazini, kiwanda gani niacheni. Naongea ninachokijua. Mashine ikiharibika tunaandika oda ya spea, oda inakaa mezani kwa bosi mpaka karatasi inakuwa njano, tunachonga bushi wenyewe kwa chuma chakavu ili zamu isisimame. Wakati huohuo gari jipya la bosi linaingia getini na tunaambiwa tulipigie makofi. Mwisho mali ghafi ikakosekana tukawa tunakuja kazini kufagia. Siku ya kufungwa wakasema ni ushindani wa bidhaa kutoka nje. Niliposoma hapo kwa fundi kuhusu milioni 4 nimekaa kimya muda mrefu. Watu waliokuwa wanajua ugonjwa ulipo walikuwa kwenye sakafu ya kiwanda na hakuna aliyewauliza.

Fundi Sakina

Mzee wangu pole sana. Hiyo ya kutoulizwa ndo hata kwa wenzetu wazee wa Longbridge wanailalamikia mpaka kesho.

Chalii, serikali 1975 ilichukua karibu hisa zote. Lakini Ryder alishauri kundi libaki zima, litiliwe hela nyingi, na akaamini mauzo yatapanda. Wakatia hela kwenye mfuko uleule uliotoboka. Rover SD1 ilitoka 1976, gari zuri kweli, ikachukua tuzo ya gari bora la mwaka Ulaya 1977, kiwanda kipya kabisa, halafu rangi inabanduka na milango haikai sawa. Edwardes alivyokuja akaanza kukata, akafunga Speke kule Liverpool 1978, akafunga MG Abingdon 1980, maelfu kwa maelfu ya watu nje. Mwaka 1980 hasara kabla ya kodi ilizidi paundi milioni 300 na soko lao la nyumbani lilishashuka chini ya asilimia 20. Hata Thatcher aliyekuwa hapendi kabisa kubeba makampuni, 1981 serikali yake ilitoa paundi milioni 990, maana kufunga vyote ilikuwa ni kuua miji mizima.

Mimi Edwardes namheshimu kuliko wote waliomtangulia. Gari dogo la Metro la 1980 liliuza vizuri. Na ndo yeye aliyekwenda kwa Honda 1979 kuomba wafanye kazi pamoja, 1981 ikatoka Triumph Acclaim ambayo ni Honda iliyofungwa Uingereza. Wafanyakazi walewale wa Cowley walioambiwa ni wavivu na hawajui kazi, walipopewa gari lililochorwa vizuri na sehemu zinazoingiana, wakatoa gari lenye malalamiko machache kuliko yote ya kampuni. Mwalimu hapo ndo ushahidi wangu mkubwa.

Mwalimu Mstaafu Pasua

Hilo la Acclaim sikulijua. Nakubali linazungumza. Bado nasema walau nusu ya kosa ni ya vyama.

Fundi Sakina

Sawa mwalimu, nusu yako nakuachia.

Baada ya hapo ni kuuza vipande. Jaguar ikatengwa 1984, baadae ikanunuliwa na Ford. Malori ya Leyland yakaenda kwa DAF 1987. Kilichobaki wakakiita Rover Group, 1988 serikali ikakiuza kwa British Aerospace paundi milioni 150, kampuni ya ndege, watu ambao magari hawakuwa na mpango nayo wa muda mrefu. 1994 hao wakaiuzia BMW kwa paundi milioni 800, na Honda waliokuwa wameibeba Rover miaka 15 wakabaki wameachwa. BMW wakatia hela nyingi, wakatoa Rover 75, na siku yenyewe ya kuionyesha kwa waandishi, Oktoba 1998 kule Birmingham, bosi wao Bernd Pischetsrieder akasimama akaongelea matatizo makubwa ya Longbridge hadharani. Umemvisha bibi harusi shela halafu mbele ya wageni unasema ni mgonjwa, nani atanunua? Mwaka 2000 wakachoka. Wakabaki na Mini, Land Rover wakawauzia Ford, na Rover wakaitoa kwa kikundi cha wafanyabiashara kilichoitwa Phoenix kwa paundi KUMI, na juu yake wakawapa mkopo wa milioni 427 bila riba.

Hao wa Phoenix miaka mitano hawakutoa gari jipya la kwao. Wakaleta CityRover, ambayo ni Tata Indica ya India iliyobandikwa nembo, bei juu. Aprili 2005 MG Rover ikaanguka, watu zaidi ya elfu 6 wakapoteza kazi. Ripoti ya uchunguzi ya 2009 ikaonyesha wakurugenzi wanne na mtendaji mkuu wao walijilipa mishahara na pensheni za kama paundi milioni 42 katika miaka hiyo. Mimi nikifika hapo huwa nafunga simu kwanza natembea kidogo nje.

Dereva Mto wa Mbu

Milioni 42 na kampuni ilinunuliwa kwa kumi. Fundi nimekuelewa. Shafti bado inakatika lakini nimekuelewa.

Swali la mwisho, sasa hivi nani anaitengeneza, na je spea za Defender tutaendelea kuzipata au nianze kumtafutia tajiri yangu Cruiser?

Fundi Sakina

Tata haohao wa Indica walinunua Jaguar na Land Rover kutoka kwa Ford mwaka 2008 kwa dola bilioni 2.3, na walichofanya ni kile alichosema Mama Spea, waliiacha ijiendeshe na wakatia hela kwenye injini na modeli mpya. Defender yetu ya kizamani ilifungwa Solihull Januari 2016. Mpya inatengenezwa Nitra, Slovakia, ni gari la aina nyingine kabisa, halina chesesi ya kutenganisha na bodi kama hizi zetu. Jina la MG liko kwa Wachina wa SAIC, Longbridge sehemu kubwa wamejenga nyumba na maduka.

Kuhusu spea kaka usiwe na wasiwasi. 110 na zile za injini ya dizeli ya Tdi spea zipo nyingi, za orijino na za makampuni mengine, mpaka chesesi mpya ya kupakwa zinki unaagiza. Kitakachokuumiza ni spea feki za bei rahisi, hasa bushi, sili za habu na msalaba wa propela shafti. Ukija na gari lako nilione chesesi kwanza, hasa ile miguu ya nyuma inayoshika springi na boriti ya mwisho chini ya mlango wa nyuma, maana bodi ni aluminium haiozi na inawadanganya wengi, chuma cha chini kimeshaliwa na kutu wewe unaona gari linang'aa. Kikiwa kizima usimshauri tajiri auze.